Mateka wa Kijapani katika Kambi ya Cowra

Kambi ya Cowra, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, ilishikilia mateka wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuanzia mwaka 1941. Wengi walikuwa Waitalia, lakini inakumbukwa kwa sababu ya Wajapani, ambao kufikia Agosti 1944 walikuwa 1,104 katika Sehemu B peke yake.

Kwa chakula na malazi hawakuteseka sana. Australia ilifuata Mkataba wa Geneva wa 1929, tena ilihofia yasiwapate mabaya askari wake waliokuwa mikononi mwa Japani. Wajapani walipewa mchele na samaki, wakacheza besiboli na mieleka ya sumo. Kilichowatafuna ni aibu. Kanuni za jeshi lao za 1941 zilimkataza askari kutekwa akiwa hai, hivyo wengi walijiandikisha kwa majina ya uongo, kwao wadhaniwe wamefia vitani. Hajime Toyoshima, rubani aliyekamatwa baada ya shambulio la Darwin la Februari 1942, alijiita Tadao Minami.

Tarehe 4 Agosti 1944 mateka waliarifiwa kwamba askari wa kawaida watatenganishwa na masajenti na makoplo wao, wapelekwe kambi ya Hay. Jioni hiyo kila bweni lilipiga kura kuamua kama wavamie ua au la. Baadhi ya walionusurika walikiri baadaye kwamba hawakutaka ghasia, ila nani angethubutu kulitamka hilo mbele ya wenzake? Yapata saa nane usiku Toyoshima alipuliza tarumbeta. Mamia wakauvamia ua wakiwa na visu vya jikoni na magongo ya besiboli, wakitandaza mablanketi juu ya seng'enge. Askari Ben Hardy na Ralph Jones waliiharibu bunduki yao ya rashasha isije ikatumiwa na mateka, wakauawa.

Kuliita tukio hili jaribio la kutoroka ni kulielewa nusu: wengi hawakuwa na pa kwenda, walikifuata kifo. Zaidi ya 300 walitoka, na katika siku chache wote walikuwa wamekamatwa au wamekufa, wengine kwa kujiua. Raia hawakuguswa; katika shamba moja mama mwenye nyumba aliwapa watoro chai na skonzi kabla askari hawajafika.

Wajapani waliokufa walizidi 230, Waaustralia 4. Makaburi ya vita ya Wajapani mjini Cowra yalifunguliwa rasmi mwaka 1964.