Jinsi meli ya utafiti inavyoandaliwa kwenda kunaswa katika barafu ya Aktiki

SAFARI ya utafiti katika Bahari ya Aktiki haianzi siku meli inapong'oa nanga. Huanza miaka mingi kabla, pale wataalamu wanapoketi na ramani, hesabu za mafuta na orodha za chakula, wakijiuliza swali moja gumu: mambo yakienda kombo katikati ya giza na barafu, ni nani atakayewafikia, na baada ya siku ngapi?

Mfano mzuri wa maandalizi ya aina hiyo ni msafara wa MOSAiC wa mwaka 2019 na 2020. Uliongozwa na Taasisi ya Alfred Wegener yenye makao yake mjini Bremerhaven, Ujerumani, na mkuu wake alikuwa mwanasayansi Markus Rex. Ulishirikisha nchi 20, ukagharimu zaidi ya euro milioni 140 na kupangwa kwa takriban mwongo mmoja.

Mpango wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo. Meli ya Polarstern, iliyoanza kazi mwaka 1982 na yenye urefu wa mita 118, ingepelekwa kaskazini mwa Siberia, ifungwe kwenye pande kubwa la barafu, kisha iachwe ichukuliwe na barafu hiyo kwa mwaka mzima hadi itokeze upande wa Greenland.

Sababu ya kujitia katika kifungo hicho ni pengo la maarifa. Meli nyingi za utafiti huingia Aktiki wakati wa kiangazi, barafu inapopungua. Majira ya baridi, jua linapotoweka kwa miezi kadhaa na barafu kuwa nene, vipimo kutoka katikati ya bahari hiyo vilikuwa haba mno.

Setilaiti huona upana wa barafu, lakini haziwezi kueleza yote yanayotendeka chini yake. Huko, tabaka la maji baridi yenye chumvi kidogo hutenganisha barafu na maji ya uvuguvugu yanayotiririka kutoka Bahari ya Atlantiki. Tabaka hilo likivurugika, joto hupanda na kuila barafu kutoka chini.

Jambo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba tangu 1979, eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Barafu nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya miale ya jua, ilhali maji meusi huimeza. Barafu inapopungua, bahari hupata joto zaidi, na joto hilo huzidi kuyeyusha barafu iliyosalia.

Ikumbukwe kuwa barafu inayoelea ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari kwa kiasi cha kutajika, kama vile kipande cha barafu ndani ya gilasi kisivyoyafanya maji yafurike. Barafu ya nchi kavu, mathalani ile ya Greenland, ndiyo inayoinua maji hadi pwani za mbali zikiwemo za Afrika Mashariki. Hata hivyo, joto la Aktiki huihusu Greenland moja kwa moja, na wanaokadiria hali ya tabianchi ya miaka ijayo hawawezi kufanya hesabu zao vyema bila vipimo vya majira ya baridi.

Wazo la kujiachilia kwa barafu ni la kale. Mwaka 1881 meli ya Marekani, Jeannette, ilipondwa na barafu ikazama kaskazini mwa Siberia. Miaka mitatu baadaye mabaki yake yalipatikana pwani ya kusini magharibi mwa Greenland. Mvumbuzi Fridtjof Nansen wa Norway akatambua kuwa barafu ilikuwa na njia yake ya kupita.

Nansen aliagiza meli ya Fram iundwe ikiwa na umbo la mviringo chini, ili barafu ikiibana iinuke badala ya kupondwa. Akiwa na wenzake 12, alinaswa Septemba 1893. Fram iliachiliwa na barafu Agosti 1896, ingali nzima.

Waandalizi wa MOSAiC walifuata njia hiyo, lakini wakiwa na mizigo mingi zaidi ya kufikiria. Kwanza ni mahali pa kuanzia. Kwa kutumia kumbukumbu za setilaiti za miaka iliyotangulia, walichora njia ambazo barafu ingeweza kufuata kutoka sehemu mbalimbali.

Hapo palihitajika uangalifu wa kisheria pia. Chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu sheria za bahari wa 1982, utafiti ndani ya maili 200 za kibaharia kutoka pwani ya nchi huhitaji idhini ya nchi hiyo. Barafu, nayo, haitambui mipaka.

Pili ni riziki na mafuta. Meli moja haiwezi kubeba mahitaji ya watu wapatao 100 kwa mwaka mzima huku ikizalisha umeme wa mitambo ya utafiti. Ikabidi meli za kuvunja barafu na ndege zipangwe kupeleka shehena na kubadilisha wafanyakazi kwa awamu.

Tatu ni usalama. Katika kilele cha majira ya baridi, helikopta hazingeweza kufika kutoka nchi kavu, na meli ya uokoaji ingechukua wiki kadhaa. Kwa hivyo ilibidi matibabu, uzimaji moto na marekebisho ya mitambo yawezekane papo hapo melini. Washiriki walifunzwa kujiokoa wakitumbukia majini, na walinzi wenye bunduki wakapangwa kukesha kwa ajili ya dubu weupe.

Polarstern iliondoka bandari ya Tromsø, Norway, Septemba 20, 2019, ikisindikizwa na meli ya Urusi, Akademik Fedorov. Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Baada ya kiangazi chenye joto, barafu nyingi iliyopatikana ilikuwa nyembamba mno kubeba kambi ya utafiti.

Baada ya kupekua mapande kadhaa, lilichaguliwa moja lenye upana wa kilomita 2.5 kwa 3.5, karibu na latitudo ya 85 kaskazini. Sehemu yake moja ilikuwa nene na imara, nao watafiti wakaiita ngome. Oktoba 4 meli ikafungwa hapo. Vituo vya kupima hewa, theluji, barafu na maji vikajengwa kandokando, na mitambo mingine kusambazwa hadi kilomita zipatazo 50.

Kisha mipango ikaanza kupimwa na hali halisi. Novemba dhoruba ilipasua barafu na kukata nyaya za umeme. Meli ya Kapitan Dranitsyn, iliyoleta kikosi kipya, ilipambana na barafu ikafika Februari 28, 2020 ikiwa imechelewa kwa wiki kadhaa. Ilibidi meli nyingine ya Urusi, Admiral Makarov, itumwe kuipelekea mafuta ili irejee nyumbani.

Pigo ambalo halikuwa katika mpango wowote lilikuwa ugonjwa wa Covid-19. Mipaka ilifungwa, na safari za ndege zilizopaswa kutua barafuni zikafutwa. Kikosi kipya kilitengwa Bremerhaven kwanza, kikasafiri kwa meli mbili za Ujerumani, na Polarstern ikalazimika kuliacha pande lake katikati ya Mei kwenda kuzilaki karibu na Svalbard. Iliporejea mwezi uliofuata, barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Kwa wiki hizo ni mitambo ya kujiendesha tu iliyobaki ikipima.

Isitoshe, barafu ilisafiri kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa Julai pande hilo lilivunjika katika Mlangobahari wa Fram, ilhali utafiti ulikuwa bado na miezi miwili. Badala ya kurudi nyumbani, meli ilielekea kaskazini, ikafika Ncha ya Kaskazini Agosti 19 na kufungwa kwenye pande jingine. Hivyo watafiti wakaweza kuona bahari ikianza kuganda upya, hatua waliyokaribia kuikosa.

Polarstern ilitia nanga Bremerhaven Oktoba 12, 2020 ikiwa na zaidi ya terabaiti 150 za takwimu na zaidi ya sampuli 1,000 za barafu. Watafiti walieleza kwamba joto la majira ya baridi lilikuwa karibu nyuzi 10 juu ya lile alilopima Nansen. Tangu 2023 takwimu hizo zimewekwa wazi kwa umma, na wanasayansi wa nchi yoyote wanaweza kuzitumia.

Wanaopanga misafara mingine ya aina hii wana funzo la kuzingatia. Mpango wa MOSAiC ulibadilishwa mara kwa mara, lakini haukuporomoka, kwa sababu palikuwa na meli za akiba, mitambo iliyoweza kubaki peke yake, na viongozi waliokuwa tayari kugeuza njia. Barafu waliyoipima mwaka huo imekwisha kuyeyuka. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa wakati huo hakiwezi tena kupatikana.