Dala, Kipande na Manamba: Maneno ya Watu katika Njia ya Nassa

Nassa ni mahali palipo kando ya ghuba ya Speke, katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hata kufika Sirari, mpakani mwa Kenya. Tangu mwaka wa 2012 imo katika mkoa wa Simiyu. Kabla ya hapo ilihesabiwa katika Mwanza. Wamisionari wa Kiingereza walijenga kituo huko katika karne ya 19, na mwaka wa 1909 kituo hicho kikatwaliwa na misheni ya Africa Inland. Baadaye ikaja pamba, na nyuma ya pamba yakaja malori. Wenyeji ni Wasukuma, na Kiswahili chao walikipata shuleni, sokoni na njiani. Kile cha shuleni ni kimoja, kwa kuwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ilikifuata Kiunguja. Kile cha njiani hakikupata kamati.

Yafaa kuanza na majina ya magari ya abiria, maana hayo karibu yote yametoka mfukoni. Huko Nairobi nauli ya kwanza ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10, na kwa hesabu hiyo gari likaitwa matatu. Dar es Salaam watu binafsi waliporuhusiwa kuchukua abiria mwaka wa 1983, nauli ilikuwa shilingi 5, nayo sarafu hiyo iliitwa dala, kwa kuilinganisha na dola ya Marekani. Gari likawa daladala. Magari hayo yaliitwa pia thumni, jina la sarafu ya senti 50, ambalo asili yake ni sehemu ya nane ya riale. Na riale yenyewe chanzo chake ni sarafu ya Wahispania. Nauli zimepanda mara nyingi, sarafu zimetoweka, majina yamebaki. (Mjaluo wa Rorya, kaskazini ya njia hiyo hiyo, akisema dala ataka kusema nyumbani kwao, lakini hilo ni neno jingine kabisa, na mfanano wake ni wa sauti tu.)

Jambo la ajabu ni kwamba neno daladala lilipoingia Usukumani lilipata chombo kingine. Mjini Shinyanga aitaye daladala huletewa baiskeli, akae nyuma ya mwendeshaji na kupelekwa. Mgeni wa Dar es Salaam atashangaa, lakini hana haki ya kusema kwamba Wasukuma wamekosea: wao walishika maana ya kazi, yaani kubeba abiria kwa malipo, wakaiacha sura ya gari. Ndivyo ilivyo hata katika lugha kubwa za ng'ambo. Kwa Kihispania, mtu wa Cuba asemapo guagua ataka basi. Mtu wa Chile asikiaye neno hilo hufikiri mtoto mchanga.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika maneno ya kazi. Zamani za Wajerumani Wasukuma na Wanyamwezi walikwenda kwa miguu hata mashamba ya Usambara na Tanga, na huko kila mtu alipewa kipande, kadi ya kutiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, mpaka zitimie siku 30. Nchini Kenya serikali ya Waingereza, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua cheti cha kuandikishwa kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, nacho pia kikaitwa kipande. Mkenya wa leo bado akiita kitambulisho chake kipande. Mtanzania hafanyi hivyo. Basi mkalimani wa mahakama amsikiapo mzee asemapo, "Walininyang'anya kipande changu," hana budi kuuliza kwanza ni wapi na mwaka gani. Mmoja amenyimwa ujira wa mwezi mzima, mwingine amenyimwa ruhusa ya kutembea.

Na manamba ni vivyo hivyo. Katika Tanganyika ni watu walioandikwa kwa mkataba na kupelekwa katika mashamba ya mkonge, kila mmoja na namba yake; neno hilo lina uchungu wa kuhesabiwa kama mzigo. Katika Kenya manamba ni kijana wa matatu aitaye abiria, na mwenyewe hulijibu jina hilo akicheka.

Kamusi zetu zina desturi ya kuyatia maneno ya namna hii alama ya "mtaani", kana kwamba mtaa ni mmoja. Alama hiyo haimsaidii yeyote katika njia ya Nassa. Abiria Mkenya avukaye Sirari na kumwita kondakta "manamba" amesema neno la kila siku la kwao. Kondakta ambaye babu yake alikata mkonge Tanga amesikia neno lingine.