Asili ya Lakabu za Heshima: Kiitaliano na Lugha za Pwani ya Kenya

Lakabu ya heshima si pambo la jina tu. Ni ushahidi wa kihistoria unaodhihirisha kile ambacho jamii ilikithamini kwa mtu: umri, milki, elimu au uzazi. Pwani ya Kilifi na Malindi, ambako Waitalia wameishi kwa miongo kadhaa, inafaa kwa ulinganishi huo.

Neno la Kiitaliano signore limetokana na senior la Kilatini, yaani ‘mwenye umri zaidi’. Asili yake ni uzee, kama ilivyo ya shehe, neno ambalo kwa Kiarabu lina maana ya mzee na pia ya kiongozi au mwanachuoni. Don na donna, kwa upande mwingine, yanatokana na dominus na domina, yaani mwenye nyumba wa kiume na wa kike. Dhana hiyo ya umiliki ndiyo iliyomo katika mwinyi, lakabu iliyochipuka kutoka kwa mwenye. Dottore, lenye asili ya docere, ‘kufundisha’, hupewa nchini Italia hata mhitimu wa shahada ya kwanza. Maestro nalo humhusu mwalimu na fundi pia. Vivyo hivyo, fundi na kufunda yana mzizi mmoja.

Tofauti hujitokeza katika uzazi. Kuanzia Mariakani hadi Malindi, Wamijikenda humheshimu mzazi kwa kumwita kwa jina la mwanawe. Mnyazi wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913, hukumbukwa kama Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Kimapokeo, signora na signorina humpambanua mwanamke kwa ndoa; Me- humtambulisha kwa uzazi.

Aidha, mamlaka huweza kuivuruga mizani ya heshima. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini iliwahimiza Waitalia waache kutumia Lei, kiwakilishi cha adabu, na badala yake watumie voi. Katika Kenya ya kikoloni, bwana lilipoambatishwa na cheo cha ofisa wa wilaya, heshima ilichanganyika na hofu. Mekatilili, kinyume chake, ni lakabu isiyotoka ofisini. Ilitolewa na jamii yake mwenyewe, nayo imedumu kuliko utawala alioupinga.

Kwa hiyo, mfasiri anayeandika bwana au bibi kila anapokutana na lakabu hufuta historia yake. Mhakiki naye hana budi kuuliza kwanza: mhusika huyu anaheshimiwa kwa lipi, na ni nani aliyemtunuku heshima hiyo?