Masanga ya Mwenda wa Bayeke: wimbo ulivuka mipaka, na jina lilibaki

Mwaka wa 1952, huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kijana mmoja mwenye gitaa alikutana na mzungu mwenye mashine ya kurekodi sauti. Kijana aliitwa Mwenda Jean Bosco. Mzungu ni Hugh Tracey, mtu aliyezunguka nchi za kusini, za kati na za mashariki mwa Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji. Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, lakini msikilizaji angedhani ni watu wawili wanaopiga pamoja. Kati ya nyimbo zilizorekodiwa mwaka ule, moja iliitwa Masanga.

Watoto wengi wa Kolwezi leo hawajui kwamba mzee huyu ni mtu wa Lualaba. Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, mji wa Wayeke, katika ukoo wa Mwami Msiri. Kwa sababu hiyo alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alikulia wakati Union Minière ilipokuwa ikikusanya watu kutoka pande zote kwa kazi ya shaba, na Kiswahili kikawa luga ya kambi, ya soko na ya gitaa.

Masanga ilitolewa kwenye santuri na kompani ya Gallo ya Johannesburg, Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 1952 wimbo ulipata zawadi ya Osborn, kama muziki bora wa Afrika wa mwaka. Santuri zake zilifika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikwenda Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya walianza kufuata vidole vyake. Wengine walijifunza bila kumwona hata mara moja: waliweka santuri, wakasikiliza, wakarudia, mpaka mkono ukazoea.

Je, hao walimwibia? Hapana. Kujifunza namna ya kupiga gitaa si wizi. Hakuna mtu mwenye vidole viwili peke yake duniani. Wizi unaanza pale mtu anapochukua wimbo wenyewe, anafuta jina la aliyeutunga, na anaandika la kwake. Mwaka wa 1979 John Low, mpiga gitaa wa Uingereza, alisafiri hadi Shaba kujifunza kwa wazee wa muziki huu, akiwemo Mwenda. Aliporudi aliandika kitabu cha safari ile, kilichotoka mwaka wa 1982, na ndani yake alieleza ni nani aliyemfundisha nini. Hiyo ndiyo njia ya mwanafunzi mwenye adabu: anabeba elimu, na anambeba mwalimu pamoja nayo.

Lakini jina peke yake halitoshi. Kompani ileile ya Gallo ilikuwa na wimbo mwingine, Mbube, uliorekodiwa mwaka wa 1939 na Solomon Linda, Mzulu aliyefanya kazi Johannesburg. Mwaka wa 1952, mwaka uleule wa Masanga, Linda alitia sahihi karatasi ya kuipa kompani haki za wimbo huo kwa shilingi 10. Wimbo ulikwenda Marekani, ukabadilishwa maneno na jina, ukaimbwa na watu wengi, mpaka ukaingia katika sinema ya The Lion King ya mwaka 1994. Wengine walipata mali nyingi. Linda alikufa maskini mwaka wa 1962.

Binti zake walipopata mwanasheria, yeye alikuta jambo katika sheria ya zamani ya Waingereza, ya mwaka 1911: miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, haki zinarudi kwa warithi wake, hata kama mwenyewe aliziuza. Mwaka wa 2004 familia ilifungua kesi dhidi ya kompani ya Disney. Mwaka wa 2006 pande mbili zilipatana: familia ikaanza kulipwa, na Linda akatambuliwa kama mmoja wa watunzi wa wimbo ule. Haki ilifika, lakini ilichelewa zaidi ya miaka 40 baada ya mzee kufa.

Basi kuna vitu viwili ambavyo mtu wa kazi ya sanaa anapaswa kulinda. Cha kwanza ni jina. Cha pili ni karatasi, ile tunayoita kontra. Bila jina hakuna anayejua wimbo ni wa nani. Bila kontra iliyosomwa vizuri, jina linaweza kujulikana dunia nzima huku nyumbani watoto wanalala na njaa.

Faida ya kuandika jina inaonekana pia huko Kenya. Mwaka wa 1950 Tracey alirekodi Wakipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Yeye alikuwa na desturi ya kuandika kwa kila wimbo mahali, tarehe, luga na jina la mwimbaji. Zaidi ya miaka 60 baadaye, taasisi aliyoianzisha na wanamuziki wa Kenya walirudisha sauti zile kijijini. Kwa msaada wa majina yale waliwapata wazee wachache waliokuwa bado hai, na jamaa za wengine waliokwisha kufa. Mtu alisikia sauti ya ujana wake mwenyewe. Kama karatasi ingesema tu "wimbo wa Afrika", nani angepatikana?

Kongo nayo haikukosa sheria. Tangu wakati wa Wabelgiji kulikuwa na amri ya mwaka 1948 juu ya haki za watunzi. Mwaka wa 1969 ikaundwa SONECA, shirika la kukusanya franga za watunzi. Sheria inayotumika hadi leo ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mzee Mwenda alikufa mwaka wa 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Kwa hesabu hiyo, nyimbo alizotunga bado zina wenyewe hadi mwaka 2040. Tangu 2011 shirika linaloshughulikia haki hizo ni SOCODA, na mtunzi anaweza kwenda kuandikisha kazi zake huko. Tarehe 13 Machi 2023 ikaongezeka sheria ya Code du numérique, inayohusu mambo ya intaneti na makosa yanayofanywa humo.

Sheria inataka ushahidi, na hapo ndipo familia zilizohamishwa zinapata shida kubwa. Waliofukuzwa Likasi na Kolwezi mwaka wa 1992 na 1993 waliondoka na mizigo waliyoweza kubeba kichwani. Leo kuna wanaoondoka katika kartie zao kwa sababu mgodi unakaribia nyumba. Daftari la nyimbo za kwaya, kaseti ya baba, picha za ndoa: vitu kama hivyo ndivyo vinavyobaki nyuma kwanza. Kisha picha ya nyumba yao ikibomolewa inazunguka katika simu bila jina la aliyeipiga, bila tarehe, pengine ikisemwa kuwa ni ya mji mwingine kabisa. Mtu aliyepoteza nyumba anapoteza hata habari ya nyumba yake.

Zamani aliyekuwa na mashine ya kurekodi alikuwa mmoja, na alipita mara moja kwa miaka. Leo kila mwenye simu Kolwezi ni mrekodi. Kwa hiyo kazi ya Tracey ya kuandika majina ni ya kila mtu. Kabla ya kutuma wimbo, andika jina la mwimbaji, mahali na mwaka kama unavijua. Usikate alama ya mpiga picha ili kuweka yako. Ukichukua maneno ya mwandishi mwingine, mtaje. Ukipiga picha ya mtu aliye katika msiba au anayehama, muulize kwanza, na akikataa uiache. Usichokijua kimetoka wapi, usikitume kama habari.

Na wazee wenye nyimbo, waimbishwe sasa. Mjukuu ashike simu, aseme mwanzoni jina la babu, kijiji chake na tarehe ya leo, halafu amwache aimbe. Nakala moja ibaki kwa jamaa anayeishi mahali pengine, ili familia ikihama tena, sauti isipotee pamoja na nyumba.