Tindikali maabara: nini kinaingia kwenye nini?

Wadau wa Tarime na Serengeti, tindikali kwetu si ya vitabuni tu. Mwaka 2009 maji yenye asidi ya mgodi wa North Mara, Nyamongo, yalivuja hadi mto Tigithe. Leo naongelea ile ya kwenye chupa, kwa wadogo zangu mnaoingia praktikali.

Asidi ya salfuriki kali ni karibu asilimia 98. Ukitaka kuipunguza nguvu, vaa miwani na glavu, kisha mimina tindikali ndani ya maji, kidogo kidogo, huku unakoroga. Usigeuze! Maji ni mepesi, yanabaki juu ya tindikali, yanachemka hapo hapo bila moto wowote na kukurushia matone usoni. Mimi nina alama mkononi hadi leo kwa kugeuza tu.

Bomba halitoi? Jaza ndoo kadhaa kabla hujafungua chupa. Ikikumwagikia, maji mengi mara moja, dakika 20, huku unavua nguo iliyolowa. Jicho nalo hivyo hivyo, halafu mbio hospitali. Mambo ya kupaka magadi au dawa ya meno hapana. Na pipeti usinyonye kwa mdomo jamani, hata kama umemwona mwalimu akifanya.