Chukudu: kila ubao una kazi yake

Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kinachochongwa kwa mkono huko Kivu ya Kaskazini. Haina sheni, haina pedali, haina kiti. Mtu wa Bukavu anayefika Goma mara ya kwanza anaweza kufikiri ni mchezo wa watoto. Lakini tangu miaka ya 1970 hiyo chukudu njo inapeleka viazi, kabichi, mbao na makala sokoni, inalisha familia na kulipa minervali. Mji wa Goma umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Akili ya fundi iko kwenye fremu. Baiskeli ya duka ina bomba za chuma zenye uwazi ndani, zimeungwa pembetatu. Ni nyepesi, lakini imepimwa kwa mtu na mzigo kidogo. Chukudu inafuata njia ingine: uti wake wa mgongo ni ubao mmoja mnene wa mti mgumu, kama mkaratusi, uliolazwa karibu na ardhi. Mbele unapanda hadi kwenye nguzo ya usukani. Mzigo unalala juu ya ubao na kuegemea ile nguzo. Uzito ukiwa chini, chombo hakipinduki ovyo. Kubwa inabeba mamia ya kilo.

Usukani ni mpana kama pembe za ng'ombe, ili mikono ipate nguvu ya kugeuza mzigo. Magurudumu ni ya mbao, yamevishwa kawuchu iliyokatwa kwenye pine kuukuu za gari, na ndani mna rulema. Mwendeshaji anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma chini. Kwenye mteremko, kama wa kutoka Kibumba kushuka Goma, anaiacha itelemke yenyewe. Kupanda, anashuka na kuisukuma.

Wazungu nao walianzia hapo. Mwaka 1817, Karl Drais wa Ujerumani alitembeza chombo cha mbao cha magurudumu mawili bila pedali, akisukuma kwa miguu. Lakini chake kilibeba mtu. Chukudu ilichongwa kwa ajili ya gunia.

Hapa Bukavu chukudu si nyingi. Vilima vyetu ni vikali: kupanda na mzigo ni mateso, kushuka ni hatari. Ndiyo maana mizigo mingi bado iko mgongoni mwa mama zetu.

Hatari kubwa ni freni. Kwenye chukudu nyingi ni kipande cha kawuchu kinachokanyagwa ili kisugue gurudumu la nyuma. Kikiisha, au kikilowa mvua, hakuna kitu cha kusimamisha gunia tano kwenye mteremko.

Kwa hiyo ukitaka kununua, angalia mambo manne. Ubao mkubwa usiwe na ufa wala fundo katikati. Nguzo isicheze pale inapoungana na ubao. Gurudumu lizunguke bila kuyumba. Freni ishike ukiwa umepakia mzigo, si ikiwa tupu. Kipande kikivunjika njiani, panga, nyundo na misumari vinatosha kurudisha kazi. Lakini ufa wa ubao mkubwa usiupigie misumari: badilisha ubao, kabla haujakuangusha.