Kata Penye Kina: Taarab Inapokimbizwa

Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Wapenzi wengi wa taarab huutumia msemo huo wakisikia wimbo wa mahaba, uliotungwa usikilizwe kwa kutulia, umetiwa midundo mikali ili watu wacheze. Mimi ni mtunzi wa mashairi ninayejifunza kazi ya DJ hapa Unguja, na ningali mwanagenzi. Kila ninapochukua wimbo laini nikauongeza kasi, swali hunijia: shairi linabaki, au ninaliua? Jibu nimelitafuta katika historia ya kisiwa chetu, nikaona kwamba kinachoua shairi si kasi, bali ni mahali pa kukata.

Taarab ya Unguja ililelewa kwa utulivu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Fidla, udi na nai vilijibizana na mwimbaji, hadhira imeketi, inayapima maneno na kutunza.

Hata hivyo, kupunguzwa kwa beti hakukuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulichukua takriban dakika 3 tu. Utungo uliozoea kuimbwa kwa nafasi barazani ulilazimika kuingia katika kipimo hicho.

Kisha kuna kidumbak, ambacho kwangu ndicho mwalimu wa kwanza wa DJ wa Unguja. Kwa fidla moja, vidumbak viwili, cherewa, mkwasa na sanduku lililofungwa uzi likatoa besi, wanakidumbak walizichukua nyimbo za taarab wakazipeleka harusini. Humo hazikuimbwa moja moja kwa ukamilifu. Mwimbaji aliunganisha vipande vya nyimbo mashuhuri, huu ukipokewa na ule, ngoma ikizidi kuchangamka, na msururu mmoja uliweza kufika saa nzima. Kuunganisha nyimbo bila kuuacha mdundo uanguke ndiko anakofundishwa mwanagenzi wa leo mbele ya mashine.

Iliwezekanaje? Kwa sababu ya mizani. Mishororo mingi ya taarab ina vipande viwili vya mizani 8. Tuchukue mshororo huu niliotunga kwa mfano: “Nakungoja dirishani, mwezi umeshapotea.” Kila kipande, ukikisoma kwa kufuata ngoma, kinakaa katika mapigo 4, mizani 2 kwa kila pigo. Kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika kipande kinachukua sekunde 2.4, kwa mapigo 200, sekunde 1.2. Hiyo ni kasi ya mtu anayesema upesi, na sikio la Mswahili bado linamfuata. Lakini kata ndani ya kipande, ibaki “Nakungoja diri”, na hapo hata kasi ya kobe haitaliokoa shairi. Wanakidumbak waliposhona nyimbo waliufuata mshono ambao mtunzi alikwisha kuuacha wazi: kina.

Lipo jambo jingine ambalo sisi watunzi tunapaswa kuliangalia. Katika ubeti kamili, “nakungoja dirishani” ni huzuni ya mpenzi. Kirudie kipande hicho peke yake mara 16 juu ya ngoma, ukumbini, kwa watu wenye mambo yao, nacho kinageuka kitisho: nakungoja, njoo uone! Maneno ni yaleyale, ila yamekuwa kijembe. Kidumbak kilijulikana kwa kusema waziwazi kuliko taarab ya kuketi, na rusha roho ya miaka ya 1990, kwa vinanda vyake vya umeme, iliipanua njia hiyo. Kwa hiyo anayekata wimbo naye anatunga, apende asipende.

Ng'ambo ya bahari, vijana wa Dar es Salaam walioanzisha singeli walichukua vipande vya ala za taarab, wakavizungusha na kuvikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika. Programu za sasa huweza kuongeza kasi bila kuipandisha sauti ya mwimbaji ikawa ya kitoto. Hazijui, hata hivyo, kina kiko wapi. Hilo analijua anayejua ushairi.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kabla ya kuugusa wimbo, huuandika ubeti wote kwa mkono, nikavitia alama vina vya kati na vya mwisho, kisha ndipo nikafungua mashine. Na kila usiku huuacha ubeti mmoja upite mzima, ngoma ikiwa imepunguzwa, ili mwenye kucheza asikie alikuwa akichezea nini.